Huyu Mtoto Hasikii

Kuna neno moja ambalo sisi walimu tumelitumia vibaya kwa miaka mingi, nalo ni "kusikia". Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, na husikia utamu wa asali ulimini. Lugha za Wameru na Waembu nazo zina desturi iyo hiyo ya kuvibebesha vitu vingi kitenzi kimoja. Hadi hapo hapana ubaya wowote; pengine wazee walikwisha kutambua kwamba milango yote ya fahamu huishia katika nyumba moja, yaani ubongo. Ubaya huanza pale kusikia kunapogeuzwa kuwa kutii. Asiyesikia la mkuu, tuliambiwa tangu utotoni, huvunjika guu. Basi mwalimu akiandika katika taarifa ya mtoto kwamba "hasikii", mzazi husoma "mkaidi", na fimbo haichelewi kufuata.

Nayasema haya nikiwa mmoja wa watuhumiwa. Mnamo 1994 nilikuwa mwalimu kijana wa biolojia katika shule moja ya upili, kusini mwa mji wa Meru. Katika kidato cha nne alikuwamo mvulana aliyependa kuketi nyuma kabisa, karibu na dirisha. Mwandiko wake uliwapita wenzake wote kwa uzuri, na chochote kilichoandikwa ubaoni alikinakili bila kosa. Lakini ukimwuliza swali, alijibu swali jingine ambalo hukumwuliza. Darasa lilicheka. Nami nilidhani ananifanyia mzaha, nikamchapa. Viboko shuleni vilikuwa bado ni halali siku hizo. Vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001.

Muhula wa pili tulifika kwenye milango ya fahamu. Wanafunzi hushangaa kuambiwa kwamba wanaanatomia hawaihesabu ngozi katika milango iliyo maalumu, kwa sababu hisia ya kugusa imetapakaa mwili mzima na haina kiungo chake pekee. Maalumu ni kuona, kusikia, kunusa, kuonja, na ule usawa wa mwili ambao aghalabu husahauliwa. Msafiri yeyote wa barabara ya Meru hadi Embu anaufahamu, hata kama hajui jina lake. Gari linapoteremka kwenye zile kona za daraja la Nithi, maji yaliyomo ndani ya mirija mitatu ya nusu duara, katika kina cha sikio, huchelewa kidogo kuufuata mwendo wa kichwa, na ubongo huambiwa tunazunguka ilhali macho yaliyoinamia gazeti yanashuhudia utulivu. Ugomvi huo wa mashahidi wawili ndio kichefuchefu.

Lakini ni kusikia kwenyewe kulikoniumbua. Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo, na kiwambo hutikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi, nacho ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Vyatakiwa vya nini? Sikio la ndani limejaa maji, na sauti inayotoka hewani ikikutana na maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Kiwambo kikubwa hukusanya nguvu na vifupa huzimimina juu ya kidirisha kidogo mno, hata msukumo ukaongezeka mara ishirini hivi. Ndani ya kombe lililojikunja kama konokono mna seli zenye vinyweleo zipatazo elfu kumi na tano katika kila sikio. Hizo ndizo huigeuza mitikisiko kuwa habari za neva. Seli hizo zikifa kwa binadamu, hazioti tena.

Niliazima uma wa sauti katika maabara ya fizikia ili nionyeshe njia hizo mbili, ile ya hewani na ile ya mfupani. Jaribio ni jepesi. Unaugonga uma, unaweka shina lake juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, na mwanafunzi anapoacha kuisikia sauti unaleta meno ya uma mbele ya tundu la sikio. Mwenye masikio mazima huisikia tena. Mmoja baada ya mwingine waliinua mikono. Zamu ya yule mvulana ilipofika, shina lilipogusa mfupa alishtuka, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nilipouleta uma mbele ya sikio, uso wake ulizimika. Nikarudia. Nikajaribu sikio la pili. Mambo yalikuwa yale yale.

Kiwambo au vifupa vilikuwa na kasoro, lakini konokono lake lilikuwa hai. Daktari alipomchunguza alikuta viwambo vyote viwili vimetoboka. Mama yake alieleza kwamba tangu utotoni masikio yale yalikuwa yakitoa usaha kila baada ya mafua. Mafua yenyewe hayana uhaba kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ukungu wa Julai unapotanda. Nao mrija unaounganisha sikio la kati na koo, kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo maradhi ya koo hupanda kwa urahisi. Watu wengi huyadharau masikio yanayotoa usaha wakiamini kwamba mtoto ataukua ugonjwa huo. Wengine hutia mafuta.

Nijuavyo, mtoto asiyesikia kabisa hutambulika mapema, na huenda akapata mahali pake: Meru ipo shule ya viziwi ya Kaaga, na Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Anayepotea ni huyu wa katikati, anayesikia nusu. Yeye huokota neno moja kati ya matatu na kuyabuni yaliyobaki, kisha tunamwita mzembe. Ndivyo ilivyo pia kwa msichana asiyeona mbali, anayenakili kutoka daftari la jirani na kuadhibiwa kwa wizi.

Nimesikia hoja ya walimu wenzangu: darasa lina wanafunzi sitini, mwalimu ataupata wapi muda wa kupima masikio? Hoja hiyo ina uzito, lakini uma wa sauti hauchukui dakika mbili kwa mtoto, na unalala kabatini mwaka mzima ukingoja fizikia. Mwalimu anaweza hata kumnong'oneza mtoto nambari tano kutoka nyuma yake, ili asiisome midomo, na kumwambia azirudie. Hayo hayamfanyi mwalimu kuwa daktari, ila humwonyesha nani apelekwe kupimwa. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikafuata mwaka 1986. Lakini kituo hakiwezi kumpima mtoto ambaye mwalimu wake hajamtilia shaka. Na sisi, kwa bahati mbaya, tunalifundisha sikio kama mchoro wa kuwekewa majina kwa ajili ya alama za mtihani, mbele ya masikio mia moja na ishirini ambayo hatujawahi kuyauliza lolote.

Mvulana yule alihamishiwa safu ya kwanza, upande ambao sikio lake lililo afadhali lingenielekea, nami nikajifunza kutozungumza huku nikiandika ubaoni. Wiki hiyo nilikwenda ofisini kuzitazama taarifa zake za miaka minne. Neno "hasikii" lilikuwa limeandikwa mara tano. Mara mbili kati ya hizo lilikuwa kwa mwandiko wangu.