Boti Ndogo, Bili Kubwa ya Kulala

Wapo wapenzi wanaoanza likizo wameshikana mikono na kuimaliza hawasemeshani, na chanzo ni pesa. Kwa nyie wasomaji wetu mlioko Marekani, mliojibana mkanunua boti iliyotumika ya futi 20, ile ya kuvutwa na gari kwenye trela, chanzo hicho mara nyingi ni malipo ya kuegesha boti usiku.

Hesabu yenyewe iko hivi. Marina nyingi hutoza kwa futi, kwa kila usiku. Tuseme ni dola 2. Mnapiga haraka haraka: 20 mara 2, dola 40, safi! Mkifika, karani anapima kutoka ncha ya mbele mpaka mwisho wa injini inayoning'inia nyuma, inakuwa futi 23. Halafu anawaambia kwao malipo yanaanzia futi 30. Hizo ni dola 60, na umeme bado. Mkilala siku 5, dola 100 zimeondoka bila mpango.

Dawa yake ni kupiga simu kabla hamjatoka nyumbani. Ulizeni wanapima boti au wanapima nafasi, malipo yanaanzia futi ngapi, na kama umeme na bafu vimo. Trela na gari je, vitakaa wapi na kwa bei gani? Hili la trela husahaulika sana, na ndilo linalouma. Kisha semeni wazi kwamba boti yenu ni fupi na haihitaji kina kirefu. Marina nyingine zina kona ya maji machache ambayo boti kubwa haiwezi kuingia, na meneja huona afadhali apate chochote kuliko kona ilale tupu, hasa katikati ya wiki. Wikiendi ya tarehe 4 Julai msijisumbue kubembeleza.

Mimi ningewashauri muachane na marina za kifahari za pwani, muanzie kwenye mfereji wa Erie, jimbo la New York. Ulifunguliwa mwaka 1825, na siku hizi boti zake nyingi ni za starehe. Kati ya Lockport na Rochester kuna kipande cha maili kama 60 kisicho na lango hata moja la kupandisha au kushusha boti, na maji yametulia. Njiani mnapita miji midogo ya Medina, Albion, Brockport na Spencerport, ambako gati la mji liko hatua chache tu kutoka madukani. Brockport na Spencerport wana hadi bafu za wasafiri wa boti. Bei za magati kama haya kwa kawaida ni nafuu kuliko za marina za biashara. Halafu kuna yale madaraja ya kunyanyuka: mnaita kwa redio, daraja linapanda, magari yanawasubiri nyie!

Na trela ndiyo turufu yenu. Mwenye boti kubwa hana ujanja, lazima alipie maji kila usiku. Nyie mnaweza kulala majini siku 2 tu, zilizobaki mkaipandisha boti na kwenda nayo kambini au kwenye moteli yenye uwanja mpana. Uulizieni uwanja huo kabla ya kulipia chumba, na mfike kungali na mwanga, maana kurudisha trela nyuma gizani huku mwenzako anapiga kelele "kushoto, siyo huko, kushoto kwangu!" ni mtihani hata kwa ndoa ya miaka 10. Anayejua kurudi nyuma na trela ashike usukani, asiyeona haya kuuliza bei ashike simu, awe mume au mke.