HOTELI YA BARAFU

1. Nyumba inayoyeyuka

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona mvua ya mawe. Mawe hayo ni barafu. Huanguka kwa kishindo juu ya bati, na watoto hukimbia kuyaokota. Lakini kabla hawajafika mlangoni kumwonyesha mama, mawe yamekwisha kuwa maji mkononi.

Sasa fikiri juu ya nyumba iliyojengwa kwa barafu ya namna hiyo. Kuta zake ni barafu na theluji. Nguzo zake ni barafu. Kitanda ni barafu. Hata glasi ya kunywea ni barafu. Watu husafiri kutoka nchi za mbali na kulipa fedha ili walale humo usiku mmoja. Asubuhi huamka wazima.

Nyumba hiyo si hadithi. Ipo katika nchi ya Uswidi. Katika somo hili tutaeleza namna inavyojengwa, na kwa nini wageni hawafi kwa baridi. Pia tutaona jinsi wanakijiji walivyopata kazi kutokana na kitu walichokuwa wakikiona kuwa ni taabu.

2. Kijiji cha Jukkasjärvi

Uswidi iko kaskazini ya Ulaya. Jina la nchi hii si geni Tanzania. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975, vilianza kwa msaada wa Uswidi.

Kaskazini kabisa ya Uswidi kuna mji uitwao Kiruna, wenye machimbo makubwa ya chuma. Karibu na mji huo kuna kijiji kidogo cha Jukkasjärvi. Jina hili hutamkwa "Yukasyarvi". Kijiji kiko kando ya mto Torne. Wenyeji wa asili wa sehemu hizo ni Wasami. Tangu zamani baadhi yao hufuga mnyama wa nchi za baridi anayefanana na kulungu mkubwa. Nyama yake huliwa, na ngozi yake yenye manyoya mazito hutandikwa na kuvaliwa.

Majira ya huko hayafanani na ya Afrika Mashariki. Wakati wa kiangazi, kwa wiki kadhaa, jua halitui. Hata saa sita ya usiku linaonekana. Lakini katikati ya majira ya baridi, mwezi wa Desemba, jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Mchana kuna mwanga hafifu tu, kama ule wa alfajiri.

Baridi nayo ni kali mno. Joto hupimwa kwa nyuzi. Maji yanayochemka huwa na nyuzi 100. Maji huganda yanapofika nyuzi 0. Katika kijiji hiki baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mto Torne huganda juu, na barafu yake huwa nene hata magari yanaweza kupita juu yake. Chini ya barafu maji yanaendelea kwenda na samaki wanaishi, kwa sababu barafu huelea juu ya maji.

3. Jinsi wazo lilivyopatikana

Zamani wageni walikwenda Jukkasjärvi wakati wa kiangazi tu. Walikwenda kuvua samaki na kuteremka mtoni kwa mashua. Baridi ilipoanza, wageni waliondoka. Waliokuwa wakiwahudumia hawakuwa na wageni tena mpaka kiangazi kirudi. Watu waliona kwamba giza na baridi ndivyo vinavyoharibu kazi.

Bwana mmoja aitwaye Yngve Bergqvist alikuwa akifanya kazi hiyo ya kupokea wageni. Yeye aliitazama baridi kwa njia nyingine. Aliona kwamba wanakijiji hawawezi kuifukuza. Lakini wako watu wengi duniani ambao hawajapata kuona mto ulioganda. Watu hao wanaweza kuja kwa sababu ya baridi yenyewe.

Mwaka 1989 mafundi wa kuchonga barafu kutoka Japani walifika kijijini na kuonyesha kazi yao. Mwaka uliofuata, 1990, lilijengwa jumba dogo la theluji juu ya mto ulioganda. Ndani yake msanii Mfaransa, Jannot Derid, alionyesha kazi zake. Jumba hilo halikujengwa kwa ajili ya kulala. Lakini siku moja wageni walikuwa wengi na vyumba vya kulala vikakosekana. Baadhi yao wakaomba walale ndani ya jumba la theluji. Walitandika ngozi, wakaingia katika mifuko mizito ya kulalia, wakalala.

Asubuhi walitoka wakiwa na furaha, wakisifu usiku wao. Huo ndio mwanzo wa hoteli ya barafu. Tangu hapo hujengwa upya kila mwaka.

4. Barafu inavunwa

Mkulima huvuna mahindi na kuyaweka ghalani. Watu wa Jukkasjärvi huvuna barafu.

Mavuno hufanyika mwezi wa Machi. Wakati huo barafu ya mtoni imefikia unene wa karibu meta moja. Wafanyakazi huifagia theluji iliyo juu. Kisha hukata barafu kwa misumeno mikubwa ya mashine. Hutoka mapande makubwa, na pande moja huweza kuwa na uzito wa tani 2 hivi. Matrekta huyabeba mpaka kwenye ghala lenye baridi. Humo hukaa kiangazi chote bila kuyeyuka, yakingoja majira ya ujenzi.

Barafu ya mto Torne ni safi, nawe unaweza kuona upande wa pili kama katika kioo. Sababu ni kwamba maji ya mto yanatembea na yanaganda polepole. Barafu inayoganda polepole katika maji yanayotembea huwa na mapovu machache ya hewa. Mapovu mengi ndiyo hufanya barafu iwe nyeupe.

5. Namna ya kujenga

Ujenzi huanza mwezi wa Novemba, baridi inapokuwa kali. Fundi wa matofali hutumia kalibu. Mafundi wa barafu nao hutumia kalibu, lakini zao ni kubwa sana, za chuma, zenye umbo la tao.

Kwanza husimamisha kalibu. Kisha hurushia juu yake theluji mbichi iliyochanganywa na maji, kwa mashine. Mchanganyiko huo ni mgumu kuliko theluji ya kawaida. Unaposhikamana, kalibu huvutwa nje. Linabaki tao linalosimama lenyewe, bila boriti wala msumari. Mapande ya barafu kutoka ghalani hutumika kwa nguzo, madirisha, vitanda na viti. Theluji mbichi ndiyo udongo wake wa kugandishia.

Baadaye huingia wasanii. Hawa hutoka nchi mbalimbali na huchaguliwa kutokana na michoro waliyoituma. Kila msanii hupewa chumba chake, naye huchonga kadiri ya wazo lake. Huweza kuchonga wanyama, miti au mawimbi ya bahari. Vyumba viwili havifanani, na hoteli ya mwaka huu haifanani na ya mwaka uliopita. Katikati ya Desemba milango hufunguliwa.

6. Kwa nini mgeni hafi kwa baridi?

Wengi huuliza swali hili. Tuangalie sababu zake.

Kwanza, theluji ina hewa nyingi ndani yake. Hewa iliyofungiwa haipitishi joto upesi. Ndiyo maana kuku hutimua manyoya yake wakati wa baridi. Ndiyo maana paa la nyasi huzuia joto la jua, na blanketi hutunza joto la mwili. Kuta nene za theluji hufanya kazi hiyohiyo. Baridi ya nje inapofika nyuzi 30 chini ya sifuri, ndani ya chumba huwa nyuzi 5 mpaka 8 tu chini ya sifuri. Bado ni baridi, lakini ni nafuu kubwa.

Pili, ndani hamna upepo. Upepo huondoa joto la mwili upesi.

Tatu, mgeni hakai juu ya barafu. Juu ya kitanda cha barafu kuna godoro, na juu ya godoro kuna ngozi zenye manyoya. Manyoya hayo nayo yana hewa. Mgeni huingia katika mfuko mnene wa kulalia na kuufunga. Joto linalomtunza ni la mwili wake mwenyewe. Mfuko haumpi joto. Unazuia tu joto lake lisikimbie.

7. Usiku mmoja hotelini

Mgeni akifika hupewa mavazi mazito, viatu na glavu. Mizigo yake huiacha katika jengo la kawaida lenye joto. Vyoo na bafu pia viko katika jengo hilo. Hivyo mtu mwenye busara hamalizi chai yote kabla ya kulala.

Kabla ya kwenda kulala, mgeni hufundishwa mambo machache. Avue nguo nzito na abaki na nguo nyepesi zilizo kavu. Avae soksi kavu na kofia. Asiingie katika mfuko akiwa na jasho, kwa sababu nguo yenye unyevu huondoa joto la mwili. Watu wengine hudhani kwamba kuvaa nguo nyingi sana ndiyo usalama. Hutoka jasho usiku, nguo zikalowa, nao wakashikwa na baridi.

Chumba kina ukimya mkubwa, maana theluji humeza sauti. Asubuhi mfanyakazi huja na kikombe cha maji ya matunda ya porini, yakiwa moto.

Kuna jambo moja linalowachekesha wengi. Mwaka 2013 serikali iliagiza kwamba hoteli hiyo iwekwe ving'ora vya moto. Kweli barafu haiungui. Lakini godoro, ngozi na mifuko ya kulalia huungua, na moshi huua. Sheria ya usalama haikuangalia ukuta. Iliangalia mtu aliyelala.

8. Baridi inaua

Ndugu msomaji, usidhani kwamba baridi ni mchezo. Wageni wa Jukkasjärvi hulala salama kwa sababu wanafundishwa na wana vifaa. Baridi ya kugandisha maji ipo hata Tanzania, juu ya Mlima Kilimanjaro. Mpagazi anayepanda huko na nguo nyepesi yumo hatarini. Basi ni vizuri kujua dalili na msaada wake.

Mtu aliyezidiwa na baridi hutetemeka sana. Kisha maneno yake huwa mazito kama ya mlevi. Hujikwaa na kusinzia. Kutetemeka kukikoma huku mtu anazidi kulegea, hali yake ni mbaya sana.

Fanya hivi:
(a) Mwondoe kwenye upepo.
(b) Mvue nguo zilizolowa, umfunike kwa vitu vikavu, pamoja na kichwa.
(c) Akiwa macho na anaweza kumeza vizuri, mpe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari.
(d) Usimpe pombe. Pombe humfanya ajisikie ana joto, kumbe mwili unazidi kupoteza joto.
(e) Vidole vikiwa vyeupe na havina hisia, usivisugue wala usivikaribishe kwenye moto. Ataungua bila kujua.
(f) Mfikishe kwa mganga wa hospitali upesi.

9. Barafu inarudi mtoni

Mwezi wa Aprili jua hupata nguvu. Kuta huanza kudondosha maji. Hoteli hufungwa. Kidogo kidogo matao huanguka, na sanaa iliyochongwa kwa siku nyingi hupotea. Maji hurudi katika mto Torne, mahali yalipotoka. Mto haukupungukiwa na kitu.

Mwaka 2016 ilijengwa sehemu nyingine ambayo hukaa mwaka mzima. Mitambo huipoza wakati wa kiangazi. Nguvu za mitambo hiyo hutokana na jua, lile ambalo wakati huo halitui. Hivyo jua ambalo lingeyeyusha barafu ndilo linaloihifadhi.

Leo hoteli hiyo inawapa watu kazi ya kukata barafu, kujenga, kupika, kufua na kuongoza wageni. Mto ulikuwapo tangu zamani. Baridi pia ilikuwapo. Havikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu, walipoacha kuilalamikia baridi na kuanza kuichunguza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijiji cha Jukkasjärvi kiko katika nchi gani, na kando ya mto gani?
2. Kwa nini zamani wageni hawakwenda huko wakati wa baridi?
3. Barafu huvunwa mwezi gani? Huhifadhiwa wapi mpaka wakati wa kujenga?
4. Eleza kwa nini chumba cha theluji kina baridi nafuu kuliko nje. Taja vitu viwili hapa kijijini vinavyotunza joto kwa njia hiyohiyo.
5. Mwenzako amezidiwa na baridi, anasinzia na hawezi kumeza. Utafanya nini? Hutafanya nini?
6. Je, katika kijiji chetu kuna kitu ambacho tunakilalamikia kila mwaka, lakini hatujakichunguza? Zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike sentensi tano juu ya kitu hicho.