Mwanao yuko klabu gani skuli, na anafanya nini huko?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, huwa naketi na vijana wa mtaani kwetu wanaotaka kuomba ufadhili wa kusoma ng'ambo. Alama wanazo. Tunakwama pale fomu inapouliza: mbali na masomo, ulikuwa ukifanya nini? Kijana aliyepata A- anasema alikuwa mwanachama wa klabu ya wanyamapori. Nikimuuliza alifanya nini huko kwa miaka minne, anatazama chini.

Wazazi wengi wa Pwani tunaziona klabu za skuli kama mahali pa kupotezea wakati. Mtoto akisema Jumamosi kuna safari ya klabu, swali letu la kwanza ni tuisheni na madrasa. Na tuna sababu. Anayengojea nafasi ya chuo kikuu hapa nchini hupangwa na KUCCPS kwa alama zake, masomo aliyofanya na kozi alizochagua. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kupanda mkoko hata mmoja.

Vyuo vingi vya Marekani vina utaratibu mwingine. Fomu inayotumika na vyuo vingi kule, iitwayo Common Application, ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa. Kila shughuli inaelezwa kwa herufi zisizozidi 150, na nafasi zilizo kati ya maneno nazo zahesabiwa. Kisha unaulizwa cheo chako, saa ulizotumia kwa wiki na wiki ulizotumia kwa mwaka. Ukiandika tu "mwanachama wa klabu ya mazingira", msomaji wa fomu hapati kitu. Ukiandika kwamba mlipanda miche ya mikoko na wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu kila mwezi mingapi imeshika, amekuona mtu unayejua kazi.

Jambo ambalo vijana wetu hawalijui ni kwamba fomu hiyo ina nafasi pia ya majukumu ya nyumbani, kazi ya kulipwa na shughuli za dini. Msichana anayewapikia na kuwalea wadogo zake mama akiwa kazini ana cha kuandika. Mvulana anayekwenda baharini na babake wikendi ana cha kuandika. Na yule anayewasomesha watoto wadogo chuoni baada ya Alasiri, saa sita kwa wiki, amewashinda wengi wenye beji za klabu tatu. Vijana huona haya kuyataja haya, wakidhani ni mambo ya kimaskini. Mimi huwaambia wayaandike mwanzo.

Huko mitandaoni vijana hukutana na neno jengine linalowatia hofu: "honor society". Hizi ni jumuiya za wanafunzi bora za Kimarekani. Kubwa kabisa kwa skuli za sekondari ni National Honor Society, iliyoanzishwa 1921. Mwanafunzi hajiungi kwa kutaka tu. Kwanza awe na alama nzuri, kisha baraza la walimu wa skuli yake limpime kwa huduma, uongozi na tabia. Skuli isiyo na tawi haina mwanachama, na skuli zetu nyingi hazina. Kwa hivyo mtoto wa Likoni au Lamu asijione amepungukiwa kwa kuiacha nafasi hiyo tupu. Na akitumiwa barua pepe kwamba ameteuliwa kuingia jumuiya fulani ya heshima, alipe dola kadhaa apate cheti, asilipe kabla ya kumuuliza mwalimu wake.

Hapa kwetu tuna cha kujivunia tayari. Wildlife Clubs of Kenya ilianza 1968. Tuzo ya Rais, President's Award, ipo tangu 1966, na kwangu mimi ndiyo iliyopangwa vizuri zaidi. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ina ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Mshiriki hutoa saa moja hivi kwa wiki katika huduma kwa jamii, kujifunza ujuzi na mazoezi ya mwili, kisha hufanya safari ya kutembea na kulala nje. Shaba huchukua miezi sita kwa uchache, na safari yake ni siku mbili na usiku mmoja. Hashindani na mtu. Hupimwa kwa lengo alilojiwekea mwenyewe.

Tatizo ni pesa. Nauli, hema na chakula humwacha nje mtoto ambaye karo yenyewe haijalipwa, na mara nyingi huyo ndiye anayeuhitaji zaidi ufadhili. Sioni kwa nini skuli ya Kwale ipeleke wanafunzi mbali ilhali Shimba Hills iko pale pale. Bodi za skuli na kamati za wazazi ziulizwe hilo kwenye mikutano, kama zinavyoulizwa kuhusu chakula cha mchana.

Kwa mzazi mwenye mtoto aliye skuli sasa, la kufanya ni dogo. Mnunulie daftari moja. Kila shughuli aandike tarehe, alichofanya na saa alizotumia, na mlezi wa klabu atie sahihi mwisho wa muhula. Klabu moja au mbili zatosha. Na barua ya mlezi iombwe mapema, kijana akiwa bado skuli, kwa sababu walimu huhamishwa, na mgeni atakayekuja hatamjua mwanao.