Miadi, Kanda za Saa na Hesabu ya Saa za Kiswahili katika Kalenda za Kidijitali

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa za nchi nzima nyuma kwa saa moja. Tangu Januari 2000, wakati Juba ilipokuwa bado chini ya serikali ya Khartoum, mji huo ulikuwa ukifuata saa ileile ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, yaani saa tatu mbele ya saa sanifu ya dunia ijulikanayo kwa kifupi kama UTC. Kuanzia siku hiyo Juba ikawa saa mbili tu mbele ya UTC, sawa na Kigali na Bujumbura, na sawa pia na Khartoum, ambayo ilikwisha kufanya badiliko hilohilo mwezi Novemba 2017. Kijiografia hakuna ajabu yoyote. Juba iko takriban nyuzi 31 na nusu mashariki ya Greenwich, na kwa kuwa kila nyuzi 15 ni sawa na mwendo wa jua wa saa moja, mahali pake pa asili ni saa mbili, wala si tatu. Utata ulizuka kwingine: katika miadi iliyokwisha kuandikwa kwenye kalenda za simu na kompyuta kabla ya siku hiyo.

Makala haya yanachunguza utata huo kwa kuzingatia watumiaji wa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba miadi ya wakati ujao ni makubaliano ya watu kuhusu saa ya mahali fulani, na si nukta tu katika mkondo wa wakati. Na kwamba hesabu ya saa za Kiswahili, inayoanzia macheo na machweo, ni namna ya kuitaja saa, wala si ukanda wa saa. Mambo haya mawili huchanganywa mno, na mchanganyo huo ndio huwafanya watu wafike penye miadi wakati wenzao wamekwisha kuondoka. Katika maelezo yafuatayo, saa za siku zilizotajwa kwa maneno ni za Kiswahili, na zilizoandikwa kwa tarakimu, kama vile 10:00, ni za hesabu ya kimataifa inayoanzia saa sita usiku.

2.0 Nukta na Makubaliano

Ichukuliwe kwamba mnamo Januari 2021 mwanafunzi wa uzamivu mjini Juba alipangiwa kutetea tasnifu yake Jumatano tarehe 10 Februari, saa nne asubuhi, na kwamba mtahini wa nje alikuwa ashiriki kwa njia ya video akiwa Nairobi. Wakati wa kuandikwa kwa miadi hiyo, Juba na Nairobi zilikuwa na saa moja. Kalenda ya chuo ikaigeuza saa nne ya Juba kuwa 07:00 ya UTC, ikaihifadhi nukta hiyo, na kulisahau neno lililoizaa. Tarehe 1 Februari ikaja. Kalenda, ikiwa imepata taarifa za badiliko, ikaichukua 07:00 ya UTC na kuongeza saa mbili badala ya tatu. Simu ya mwanafunzi ikaonyesha saa tatu asubuhi. Tangazo lililobandikwa ukutani, ambalo halikuandikwa na kompyuta, liliendelea kusema saa nne. Jopo la Juba likaketi saa nne ya Juba, ambayo sasa ilikuwa saa tano ya Nairobi. Mtahini alikuwa amekwisha kukaa mbele ya skrini yake kwa saa nzima.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini utaratibu unaoelezwa ndani yake ni halisi, na inafaa kuuliza ni nani hapo aliyekosea. Kompyuta ilitunza nukta kwa uaminifu kamili. Kilichopotea ni ahadi. Watu wa Juba hawakuahidiana kukutana pale dunia itakapokuwa imezunguka kiasi fulani. Waliahidiana kukutana saa nne, kwa maana ya saa nne itakayokuwapo Juba siku hiyo, iwe serikali imeisogeza au haikuisogeza.

Kiwango cha iCalendar, ambacho hutumiwa na programu nyingi za kalenda kupeana taarifa, kinaitambua tofauti hiyo. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na kuhuishwa mwaka 2009 kwa jina la RFC 5545, nacho kinaruhusu saa ya miadi iandikwe kwa namna tatu. Ya kwanza ni saa inayoelea, isiyofungwa mahali popote: anayetakiwa kumeza dawa saa mbili usiku huimeza saa mbili ya popote alipo, awe Mombasa au Muscat. Ya pili ni saa ya UTC, ambayo ni nukta tupu. Ya tatu ni saa ya mahali ikiambatana na jina la ukanda wake. Kwa jambo lililokwisha kutendeka, kama vile ujumbe uliopokelewa jana, nukta ya UTC ndiyo salama, kwa sababu hakuna serikali inayoweza kuibadilisha jana. Kwa jambo ambalo watu watakusanyika kulitenda siku zijazo, namna ya tatu ndiyo inayohifadhi ahadi.

Jina la ukanda, kwa mfano Africa/Juba, hutoka katika hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na ambayo tangu 2011 iko chini ya uangalizi wa asasi ya IANA. Jina hilo si namba. Ni mlango wa kuingilia katika historia ya maamuzi yote ya saa ya mahali hapo. Nairobi, kwa mfano, imewahi kuwa saa mbili na dakika 30 mbele ya saa ya Greenwich, na baadaye dakika 45 badala ya 30, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili. (Kwa bahati mbaya, hifadhidata hiyo hutenganisha miji inayotofautiana tangu 1970 tu, hivyo Dar es Salaam imefanywa kuwa kiungo cha kuelekea Nairobi, na mtafiti wa Tanganyika ya miaka ya 1930 atapewa saa za Kenya bila hata kuambiwa.) Badiliko linapotangazwa, hifadhidata hurekebishwa, kisha simu na kompyuta hupokea marekebisho hayo, aghalabu kwa kuchelewa. Marekebisho ya Juba yalitolewa tarehe 24 Januari 2021, wiki moja kabla ya badiliko lenyewe.

Wiki moja ni muda mfupi, lakini wengine hawakupata hata huo. Mwaka 2016 Misri iliamua kutosogeza saa zake mbele siku chache tu kabla ya tarehe iliyopangwa ya mwezi Julai. Mwezi Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza kwamba saa za majira ya joto zingeahirishwa hadi baada ya Ramadhani. Kanisa la Maroni na baadhi ya taasisi zikakataa, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, hadi uamuzi ulipotanguliwa. Vifaa vingi vilijisogeza vyenyewe kwa kufuata kanuni ya zamani. Katika hali kama hiyo hakuna ufundi wa kompyuta unaoweza kusema saa ni ngapi, kwa kuwa watu wenyewe hawajakubaliana.

Miadi inayojirudia huleta swali jingine: ni mahali pa nani panapoifunga? Semina ya kila Jumanne kati ya Dar es Salaam na London ikifungwa Dar es Salaam saa kumi alasiri, aliyeko London ataiona 13:00 wakati wa baridi na 14:00 wakati wa joto. Ikifungwa London 13:00, mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye saa yake haisogei mwaka mzima, ataona semina ikihama kutoka saa kumi kwenda saa tisa bila yeye kutenda lolote. Akiwapo na mshiriki wa Chicago, mambo huzidi, maana Marekani husogeza saa wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza katika mwezi Machi. Kalenda huchagua kimyakimya ukanda wa yule aliyeandika mwaliko. Huo ni uamuzi wa kijamii uliovaa vazi la ufundi, na ingefaa uamuliwe na washiriki.

3.0 Saa za Kiswahili si Ukanda

Kwa kuwa saa moja asubuhi ni 07:00, ni rahisi kudhani kwamba Kiswahili kina ukanda wake, ulio saa sita kando ya ule rasmi. Mtu anayetaka simu yake isome saa za Kiswahili huweza kushawishika kuichagulia mji mwingine. Miji inayofaa ipo, na inafundisha jambo. Simu iliyowekwa kwenye saa za São Paulo, zilizo saa sita nyuma ya Nairobi, itaonyesha 1:00 wakati wa saa moja asubuhi. Iliyowekwa kwenye saa za Tokyo, zilizo saa sita mbele, nayo itaonyesha 1:00 ikiwa inatumia mzunguko wa saa 12. Nyuso za saa hizo mbili zinafanana. Tarehe zake hazifanani. Ya São Paulo hubadilisha tarehe saa kumi na mbili asubuhi, ya Tokyo saa kumi na mbili jioni. Hiyo ya pili inapatana, kwa sadfa, na hesabu ya kale ya mwambao na ya kalenda ya Kiislamu, ambamo siku huanza jua linapotua: usiku wa mwezi 27 Ramadhani huingia baada ya futari ya siku ya 26.

Hata hivyo hila hiyo haifai. Mpaka Februari 2019 São Paulo ilikuwa bado ikisogeza saa zake wakati wa majira yake ya joto, na simu iliyojifanya ya Kiswahili ingesogea pamoja nayo kwa sheria ya Brazili. Zaidi ya hayo, mwaliko ungeondoka ukiwa na anwani ya uongo. Macheo hayahamishi mahali. Anayesema saa nne na anayesema 10:00, wote wakiwa Arusha, wako katika ukanda mmoja na nukta moja. Kinachotofautiana ni lugha. Kwa hiyo hesabu ya Kiswahili yapaswa kushughulikiwa pale programu inapoitamka saa kwa msomaji, baada ya mahesabu yote ya kanda kwisha, kama vile inavyochagua jina la mwezi.

Hapo ndipo penye kazi kubwa zaidi kwa wanaisimu. Vifaa vinavyozungumza Kiswahili hutumia maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku pamoja na tarakimu za kimataifa. Mchana, maneno hayo hutoa kinga fulani. Msomaji akikuta “9:00 asubuhi” hutambua mara moja kwamba hiyo si saa tisa ya Kiswahili, kwa sababu hakuna saa tisa asubuhi. Usiku kinga hiyo huvunjika. “7:00 usiku” kwa simu ni 19:00. Kwa msemaji ni saa saba usiku, yaani 01:00. “9:00 usiku” kwa simu ni 21:00. Kwa msemaji ni saa tisa, karibu na jogoo wa kwanza. Maandishi yote mawili ni Kiswahili sahihi, na yameachana kwa saa sita.

Tarehe nayo ina mtego wake. Abiria anayeambiwa kwamba ndege yake inaondoka “Jumatatu saa nane usiku” aweza kufika uwanjani usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, ilhali tiketi, kwa kuhesabu kutoka saa sita usiku, ilikuwa na maana ya usiku uliotangulia. Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu, nayo hutumika kila siku magazetini: usiku wa kuamkia Jumatatu. Ni ajabu kwamba fungu hilo, lisiloacha shaka kwa msomaji wa mwambao wala wa bara, halikupewa nafasi katika tafsiri za programu za kalenda.

4.0 Suala la Istilahi

Matumizi ya sasa yana “saa za eneo”, “ukanda wa saa” na “majira” kwa dhana ambazo si moja. Mfano wa Juba unaonyesha haja ya kutenganisha angalau mbili. Ukanda wa saa ufaa kubaki jina la mahali pamoja na sheria zake za jana na za kesho. Saa tatu mbele ya UTC ni kitu kingine, namba tu, na ingetosha kuiita tofauti ya saa. Saa za Afrika Mashariki ni jina la tofauti ya saa ambayo Juba iliishiriki kwa miaka 21 na kuiacha kwa usiku mmoja, bila ukanda wa Juba kubadili jina. Mwaliko wa yule mwanafunzi ungeandikwa hivi: Jumatano tarehe 10 Februari 2021, saa nne asubuhi (10:00), kwa saa za Juba. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yangemwambia mtahini wa Nairobi aangalie tena.