Mnunuzi wa diski aangalie aina kabla ya bei

WAFANYABIASHARA wa dhahabu wa Geita na Kahama ambao sasa wanaweka vitabu vyao kwenye kompyuta wana kila sababu ya kuwa waangalifu wanaponunua diski. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Tangu soko la madini la Geita lilipozinduliwa Machi 2019, uzito, bei na mrabaha huandikwa, na asiyekuwa na nakala yake atahojiwa akiwa mikono mitupu.

Kwa nyumbani au ofisi ndogo, kinachofaa ni kasha la kumbukumbu lenye nafasi ya diski mbili au zaidi, linalounganishwa na ruta ili kompyuta zote ziandike humo. Kasha mara nyingi huuzwa tupu. Diski hununuliwa kando, na hapo ndipo fedha hupotea.

Diski mbili hupangwa kuwa pacha, mpango uitwao RAID 1. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Mwenye diski ya terabaiti 4 na ya 2 hupata nafasi ya 2 tu, maana iliyo ndogo ndiyo hufuatwa. Mwenye mbili za 4 hupata 4, wala si 8. (Kompyuta nyingi huionyesha kama 3.6, huo si wizi wa muuzaji, ni tofauti ya kuhesabu.)

Tatizo kubwa ni aina. Zipo diski za CMR, ambazo mistari ya data imekaa kila mmoja mahali pake, na za SMR, ambazo mistari hulaliana kama mabati ya paa. Anayetaka kubadili bati la chini lazima afumue yaliyolalia juu yake, na ndivyo SMR inavyofanya inapoandika upya. Kwa nakala ya kuweka kabatini haina ubaya, tena ni nafuu. Ndani ya kasha ni balaa. Diski moja ikifa na mpya ya SMR ikaingizwa, kunakili upya kunaweza kwenda polepole mno, hasa kwenye makasha ya diski nyingi, na mengine huikataa yakidhani nayo imekufa. Muda wote huo mali ya mwenye duka iko hatarini.

Jina halitoshi. Aprili 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski za Western Digital Red, zilizotangazwa kwa makasha haya haya, zilikuwa SMR bila wanunuzi kuelezwa. Mwaka huohuo kampuni ikaanzisha jina la Red Plus kwa zile za CMR. Seagate IronWolf na Toshiba N300 ni CMR. Barracuda ya terabaiti 4 yenye namba ST4000DM004 ni SMR, na mtengenezaji anaikadiria kwa kazi ya terabaiti 55 kwa mwaka, wakati IronWolf ni 180.

Kasha nalo lina masharti yake. Aprili 2025 Synology ilitangaza kuwa makasha yake mapya ya daraja la Plus yatahitaji diski zilizoidhinishwa na kampuni hiyo. Wateja walilalamika, na Oktoba mwaka huo programu ya DSM 7.3 ikalegeza sharti. Mwenye kasha la 2025 asasishe programu kwanza, kisha asome orodha ya diski zinazokubalika.

Geita inajua machimbo ya dhahabu. Diski nazo zina machimbo yake. Januari 2025 Heise ya Ujerumani iliripoti diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, ikidhaniwa zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya Chia. Hesabu ya saa ilikuwa imefutwa, ila kumbukumbu za ndani ziitwazo FARM ziliwaumbua wauzaji. Mnunuzi wa Shinyanga aombe namba ya pekee ya diski na kuihakiki dhamana yake kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa pesa.

Diski pacha si nakala. Faili likifutwa, linafutika kotekote papo hapo, na mwizi hubeba kasha zima. Diski ya tatu, hata ya SMR, iwekwe nyumba nyingine na kuunganishwa mara moja kwa wiki, siku ya kufunga hesabu.