Je, Wajua? Injini Inapotolewa Tumboni mwa Boti

Je, wajua kuwa stendraivu ilibuniwa na mtu aliyetoka kwa waunda injini za kupachika nje ya boti? Jim Wynne, mhandisi Mmarekani, aliacha kazi kwa waundaji hao, kampuni ya Mercury, mwaka 1958. Mapema mwaka 1959 kampuni ya Volvo Penta ya Sweden ikaonyesha stendraivu yake, Aquamatic, mjini New York: injini imekaa ndani ya boti, mguu wenye propela umetokeza nje kupitia tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti. Leo wenye boti kuukuu Marekani wanaling'oa dude hilo na kurudi kulekule alikotoka Wynne, kwenye injini za kupachika.

Je, wajua kinachozuia bahari isiingie hapo mguu unapopita? Mpira uliokunjwakunjwa kama kodiani ya taarabu. Ukichanika usiku, boti iliyofungwa gatini inaweza kukutwa chini asubuhi.

Je, wajua kuwa nyingi ya injini za stendraivu ni za gari, zikiwemo V8 za General Motors zilizovishwa vifaa vya majini? Nyingine hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe, nayo chumvi huila ekzosi kutoka ndani. Huoni kitu mpaka maji yameshafika kwenye silinda.

Na mvuke wa petroli? Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Ndiyo maana nahodha wa stendraivu ya petroli huambiwa awashe feni dakika 4 kabla ya kupiga stata. Injini ya kupachika inakaa nje, upepo unaichukulia harufu yake.

Je, wajua kuwa kung'oa ndiyo kazi rahisi? Ukishatoa injini na mguu, tezi inabaki na tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Wapo wanaokata kibao, wakakipaka gundi na kukipachika kama kiraka cha suruali, kisha wakaning'iniza mashine ya kupachika hapo. Usipande boti hiyo. Fundi anayejua huanza na nyundo ndogo: anagonga tezi nzima, ko, ko, ko. Mlio ukigeuka kuwa bu, plaiwudi ya ndani imelowa na kuoza, nayo itolewe yote hata kama faibaglasi ya juu inang'aa. Kisha anasaga kingo za tundu kwa mteremko mrefu, kipimo cha 12 kwa 1: ganda la faibaglasi likiwa na unene wa milimita 5, anasaga milimita 60 kuzunguka tundu lote. Hapo ndipo tabaka jipya linapata pa kushika. Vumbi la faibaglasi linawasha siku mbili, usimwite mtoto ashike tochi.

Je, wajua kuwa boti inaweza kupungua uzito na bado ikalala nyuma? Stendraivu ya V8 huwa na zaidi ya kilo 400. Injini ya kupachika ya nguvu za farasi 300 ni kama kilo 270. Lakini kilo hizo sasa zinaning'inia nyuma ya tezi. Hivyo wengi hufunga kisanduku cha alumini kilicho kitupu ndani, kiibebe mashine na kisaidie kuelea. Mafundi wana kanuni yao: kila futi moja unayoirudisha mashine nyuma, ipandishe kama inchi moja.

Je, wajua kuwa kibao cha uwezo wa kubeba kwenye boti ya stendraivu Marekani hakitaji kikomo cha nguvu za farasi? Kikomo hicho huandikwa kwa boti zilizoundwa kubeba injini za kupachika. Ukibadili, huna namba ya kuifuata. Muulize aliyeiunda boti.

Je, wajua faida ya injini ya kupachika ambayo mvuvi wa pwani yetu hahitaji kuelezwa? Maji yakipwa anainua mashine, propela inatoka majini kabisa na boti inakaa mchangani. Mguu wa stendraivu hata ukiinuliwa, sehemu yake hubaki ndani ya maji.

Kampuni ya OMC, iliyounda stendraivu kwa miaka mingi, ilifilisika Desemba 2000, na vipuri vya zile za zamani vikawa vya kutafuta kwa tochi. Kama boti yako ina mojawapo, mlipe kwanza fundi akugongee tezi, ndipo uulizie bei ya mashine.