Mikaratusi kando ya shamba: ni nini inazuia maharagi?

Ndugu walimaji, huku Kivu wengi tunapanda mikaratusi. Inakomaa haraka, inatoa makala, mbao na nguzo, na pesa yake inalipa masomo ya watoto. Lakini kila msimu tunaulizwa: kwa nini maharagi na mahindi ya karibu nayo yanabaki madogo, yenye rangi ya manjano? Tena mara nyingi miti ni ya mtu mmoja na shamba ni la jirani yake. Hapo ndipo maneno yanaanza.

Sababu ziko tatu, na zinasaidiana. Kwanza, mizizi inakunywa maji mengi na kumaliza chakula cha udongo. Pili, kivuli. Tatu ndiyo wengi hawaioni: majani na maganda yana dawa kali za asili. Ile harufu unayosikia ukifikicha jani ni mojawapo. Mvua ikinyesha, inaziosha kutoka majani yaliyoanguka na kuzishusha udongoni. Kule zinazuia mbegu kuota na kudumaza mizizi michanga.

Mnaweza kujaribu wenyewe. Chukueni mikebe miwili: mmoja wa udongo wa chini ya mikaratusi, mwingine wa udongo wa mbali katika shamba lile lile. Pandeni mbegu 20 za maharagi katika kila mmoja, tieni maji sawa, wekeni pamoja. Kisha siku ya 10, hesabuni. Maji na mwanga ni sawa; basi zikiota chache upande wa mikaratusi, dawa ya majani inashukiwa. Zikiota sawa, angalieni zaidi kivuli na ukosefu wa maji.

Ya kufanya:
- Msifunike mazao kwa majani mabichi ya mkaratusi. Yaozesheni kwanza pamoja na majani mengine na samadi.
- Tieni mbolea iliyooza vizuri. Vijidudu vya udongo vinakula dawa hizo.
- Chimbeni mtaro kati ya miti na shamba, mkate mizizi. Rudieni, maana mizizi inarudi.
- Kwenye mpaka pandeni kaliandra au sesbania, zinazorutubisha udongo. Mikaratusi ipewe kipande chake peke yake, mbali na chemchemi.

Hatusemi mkate mikaratusi yote. Makala ni mkate wa nyumba nyingi. Ila kama kuna ugomvi wa mpaka, fanyeni jaribio la mikebe pamoja na jirani, muhesabu wote wawili, halafu ndipo muende kwa kamati.